Malalamiko Dhidi ya Maji ya Haidrojeni Yaliyomponya Mume Wangu

Keko Machungwa,
Temeke,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Tumsifu Yesu Kristo. Kama wewe ni Mwislamu, asalaam aleikum. Kama umenizidi umri, pokea shikamoo yangu, na kama mie ndiye mkubwa, marahaba nimeshaitikia. Habari za hapo ofisini? Afya yako inaendeleaje, na mama watoto, na watoto wenyewe? Joto hili mnalionaje? Huku kwetu hata kuku wanatembea wameachia mabawa. Sie ni wazima, tena wazima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

YAH: MUME KUPONA BILA MKE KUSHIRIKISHWA

Mimi naitwa Benedicta, mke wa ndoa wa fundi Erasmus, seremala wa hapa Keko. Asili yetu ni Muleba, mkoa wa Kagera, lakini mjini tulikuja tukiwa vijana, na sasa wajukuu wanatuita babu na bibi kwa Kiswahili cha Temeke. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimefundishwa na ndoa, na Kanisa, na redio. Kwa hiyo nikikosea mahali, wewe mwenye kalamu nyekundu unirekebishe, ila uchungu wangu usiupunguze.

Ndugu Mhariri, mlitoa makala juu ya tiba ya haidrojeni. Mlieleza kwamba ni hewa ndogo kuliko hewa zote alizoziumba Mungu, kwamba watu wanaivuta kwa pua au wanainywa ikiwa imechanganywa kwenye maji, na kwamba kwa udogo wake inapenya mpaka ndani kabisa ya mwili, ikazikamate zile chembe mbaya zinazotula kama kutu inavyokula bati. Mkaongeza kwamba Wajapani wameichunguza sana, ila watu waliopimwa bado ni wachache, na mtu asije akaacha dawa zake za hospitali. Makala ilikuwa nzuri na yenye adabu. Nyumba yangu imeharibika kwa sababu yake.

Ngoja nikueleze kama ninavyomweleza ndugu yangu wa tumbo moja. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa goti. Miaka yote ile ya kusimama mbele ya randa ilimsaga goti la kushoto, likavimba likawa kama embe dodo. Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa ya kuchua, wakamfundisha mazoezi, wakamwambia apumzike. Akapumzika. Karakana akamwachia fundi mwenzake Jamali, naye akahamia nyumbani moja kwa moja, kwenye kiti cha mninga ambacho mteja mmoja alikiagiza kisha akakikataa, eti kirefu mno.

Nilimhurumia, maana kila akiinuka alikuwa anaguna kama mlango wa kanisa la zamani. Ndipo nikasoma makala yenu. Nikampigia simu binti yetu Rosalia, mwalimu wa kemia huko Dodoma, nikamwambia mwanangu nitafutie hayo maji baba yako apate ahueni. Akanitumia kwa basi chupa inayochajiwa kama simu. Unatia maji, unabonyeza, taa ya buluu inawaka, viputo vinapanda kama soda iliyotikiswa. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina na Kiingereza, nikaikunja vizuri nikaiweka kwenye Biblia. Nikawa namtengenezea maji yake kila siku, kwa imani. Lakini naomba hili liandikwe kwa wino mzito: nilitaka apungukiwe. Sikuagiza apone.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlitudanganya kwa upole. Mliandika kwamba tiba hii "huenda ikasaidia baadhi ya watu." Sasa msomaji wa Keko akiona neno "huenda," analielewa kama tunavyolielewa mafundi wakisema kabati litakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ipo, ila haijulikani ipi. Nikajiandaa kwa nafuu ya namna hiyo, nafuu ya polepole yenye visingizio. Badala yake, chupa haijaisha hata harufu ya upya, mtu akainuka kitini bila kushikilia kitu. Kesho yake akaenda mwenyewe dukani kwa Mbwana kununua wembe. Wiki haijakatika nikamkuta uani ananoa msumeno huku anapiga mluzi. Nikamuuliza habari za goti. Akasema, goti gani.

2. Nimenyang'anywa mwenzangu. Sijui ndoa yako ina umri gani, Ndugu Mhariri. Yangu imeshapita jubilei ya fedha, na miaka yote hiyo mume wangu nilikuwa namwona usiku na Jumapili. Anatoka alfajiri, anarudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Sikulalamika, maana watoto wetu wamesoma kwa vumbi hilohilo. Lakini goti lilipomkalisha ndipo nilipojua nimeolewa na nani. Kumbe anajua kuchambua mchele kuliko mie, kwa lile jicho la fundi, chenga hazimpiti. Tukawa tunachambua sinia moja, yeye upande wake, mie upande wangu. Akanisimulia kwamba utotoni alikuwa anaogopa radi mpaka anajificha ndani ya pipa la ndizi, jambo ambalo hakuniambia hata wakati wa uchumba, na uchumba ndio wakati wanaume wanasema kila kitu. Saa tisa alasiri tunasali Rozari ya Huruma. Yeye anasinzia kwenye fungu la tatu, mie namalizia kwa niaba ya wote wawili.

Jioni ilikuwa ni tamthilia ya Kituruki, zile wanazozitia sauti za Kiswahili. Mwanzoni alisema ni mambo ya wanawake. Siku si nyingi nikiwa jikoni nasikia naitwa: "Mama Rosalia, acha hiyo sufuria uje, yule mama mkwe ameshaanza." Nilicheka mpaka nikaunguza vitunguu. Sasa hivi naangalia peke yangu. Yule binti amefukuzwa kwenye jumba usiku na mvua inanyesha, na mie sina wa kumwambia kwamba nilijua tu. Juzi nilijaribu kumsimulia Erasmus aliporudi kazini. Alilala kabla binti hajafika getini.

3. Nguvu inayobaki baada ya kazi anaileta nyumbani. Mlango wa jikoni ulikuwa unafungukia nje tangu tumehamia. Ameugeuza unafungukia ndani, na kila nikipita na ndoo unanipiga kiwiko. Rafu za vyombo amezipandisha juu akisema nyumba ya kisasa huwa hivyo. Nilipomwambia sizifikii, hakuzishusha, alinitengenezea kigoda cha kupandia. Ni kigoda kizuri, siwezi kusema uongo, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na ndiyo shida yake.

Hata kanisani hatulii. Paroko alimwomba aangalie mabenchi mabovu, na sasa anamsifu mbele ya waumini wote. Mie nakaa kwenye benchi lililotengenezwa na mume wangu, bila mume wangu, kwa kuwa yeye amesimama kule nyuma kabisa na kichwa amekiinamisha. Watu wanadhani anasali. Anasikiliza benchi lipi linalia.

4. Jumuiya yangu imenihama. Sie ni wa Jumuiya ya Mtakatifu Rita, na kwetu mgonjwa akiwa nyumbani, jumuiya inamfuata kusali hukohuko aliko. Kwa hiyo Jumamosi baada ya Jumamosi nyumba yangu ilikuwa imejaa nyimbo. Nilishaweka na mapazia mapya. Alipopona tu, sala zikahamia kwa mama mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu, tena kifundo chenyewe ukikitazama hujui ni kipi.

Halafu likazuka la misa ya shukrani. Wengine wakasema Erasmus ameponywa na novena tuliyosali, wengine wakasema ni ile chupa, maana novena na chupa zilikuja wiki moja. Maneno yakawa mengi, mpaka karibu tugawane sufuria za jumuiya. Mwenyekiti wetu Gozbert, mtu mzito wa maneno na wa mwili, akasimama akauliza, "Hiyo haidrojeni aliiumba nani?" Tukajibu ni Mungu. "Basi shukrani inakwenda kulekule." Mie hilo nalipokea kwa moyo wangu wote. Ila ona nilivyobanwa, Ndugu Mhariri. Kama shukrani inakwenda kulekule, na malalamiko nayo yanatakiwa yaende kulekule, na mie sithubutu. Ndiyo maana nimeandika kwenu.

5. Dawa yenyewe haina msimamo. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Bi Hamisa, mwenyeji wa Temeke tangu enzi za mababu zake. Mumewe, mzee Marijani, yeye tangu astaafu hatoki barazani. Anakaa hapo asubuhi mpaka magharibi, na kwa harufu tu anajua chumvi imezidi, anamtumia mkewe salamu kupitia dirishani. Hamisa aliposikia ya kwangu akaja na jagi lake kuomba maji. Nikamwonya kama dada. Nikamwambia haya maji yatakupotezea mume, atatoka asirudi mpaka usiku.

Akanitazama kama nimetukana. "Shoga, mie ndicho ninachokitafuta. Wewe mumeo mzima, anatoka mwenyewe mlangoni, halafu unamlilia. Mie wangu hata msibani anarudi kabla maiti haijatoka."

Nikampa. Mzee Marijani akanywa, akasema yana ladha ya maji, akalala mpaka adhana ya alasiri. Wakarudia, na kesho yake tena. Anakunywa, analala, anaamka anauliza leo kimepikwa nini. Mwisho Hamisa akarudisha jagi kwa kishindo, na hata pilau ya Ijumaa aliyokuwa ananiletea akapunguza sahani. Basi nawaomba muwapelekee Wajapani taarifa: Keko tumepima watu wawili. Mmoja amepona mpaka amekuwa kero, mwingine hajatikisika. Wakipiga hesabu zao za wastani wataona inaponya nusu mtu.

6. Nimegeuzwa tangazo la biashara. Habari zilivyosambaa, akaja bwana mmoja amevaa tai jua kali, ana begi la vidonge anavyosema ni vya haidrojeni. Kwa mdomo wake vinatibu sukari, presha, macho, nywele kukatika, na ukivimeza kwa imani hata kesi ya mirathi inapungua makali. Nikaona nimtimue kwa kumwambia ukweli. Nikamwaga malalamiko yangu yote kama nilivyoyaandika hapa, kuanzia goti mpaka mlango wa jikoni. Akatoa simu, akaomba anirekodi. "Mama yangu," akasema, "tangu nianze kazi hii sijapata ushuhuda mtamu kama huu." Nilimtoa kwa ufagio, ingawa nilimpa maji ya kunywa kwanza, maana ni mtoto wa watu. Sasa tazama hali yangu. Hata nikilalamika, nauza.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, nina maombi, na ninaomba yasidharauliwe kwa kuwa yametoka Keko.

Ombi la kwanza ni dogo. Chapeni onyo ukurasa huohuo wa afya, kwa herufi zinazosomeka na wenye miwani iliyovunjika kama mie: "Mgonjwa anaweza kupona. Akipona ataondoka."

La pili, wataalamu wenu watafute hewa ya upande wa pili. Kama ipo hewa ya kuondoa kutu mwilini, haiwezekani Mungu akose kuumba na ya kuirudisha kidogo. Mie siombi nyingi. Naomba ya goti moja, la kushoto. La kulia abaki nalo zima, apate kupiga nalo goti kanisani.

La tatu ndilo kubwa, na hili mlifikishe serikalini. Kwetu sie mtu hafungi ndoa kimyakimya. Inatangazwa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Naona na kupona kwa mume kufuate utaratibu huohuo. Atangazwe Jumapili tatu mfululizo kwamba fulani wa fulani, goti lake la kushoto, anatarajia kupona, na mke mwenye sababu za msingi asimame azieleze. Wenzetu Waislamu watangaziwe msikitini, ili Bi Hamisa naye apate nafasi ya kusimama aseme hana pingamizi hata kidogo, waharakishe.

Usinielewe vibaya. Mie sio mchawi wa kumtakia mtu maradhi. Nimekula kiapo mbele ya altare, kwa afya na kwa ugonjwa, na nimegundua tu kwamba ugonjwa ulinifaa zaidi. Naogopa kitu kimoja. Naogopa kwamba siku atakayorudi tena kwenye kile kiti, litakuwa si goti, utakuwa ni uzee wenyewe. Hatausikia tena mchele ukianguka kwenye sinia, na mie sitamsikia akiniita kutoka sebuleni. Ile miezi ilikuwa kama nimepewa fedha za upatu mapema, kabla ya zamu yangu. Nilikuwa najifunza kuzeeka naye tukiwa bado tunaweza kucheka. Halafu mkaandika makala.

Naona nimekuchosha. Nisalimie mkeo, na wanao, na wote mnaokaa nao hapo ofisini, na yule anayechora vikatuni maana ananifurahisha, na wanaochapa usiku, na dereva anayeleta magazeti alfajiri. Msalimie na daktari aliyeandika ile makala. Mwambie simchukii, ninamwombea, ila nimemweka mwishoni.

Ni mimi katika Kristo, mwenye mume mzima,

Benedicta, mke wa fundi Erasmus.

Nyongeza: Ndugu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha kwa ugali, nimeifungua tena. Rosalia amefika leo, shule zimefungwa. Amenikuta jikoni natengeneza yale maji ya baba yake, akasimama mlangoni ananitazama. Nilikuwa nimeshayatoa kwenye chupa na viputo vyake, nimeyateleka jikoni yanachemka. Kwani ningefanyaje? Tangu mwaka ule kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu, ndani ya nyumba hii hakuna mtu anayekunywa maji yasiyochemshwa. Yakishachemka nayachuja kwa kitambaa cheupe, nayaweka mtungini yapoe, anakunywa kesho yake. Na ya mzee Marijani niliyatoa mtungi huohuo.

Rosalia akakaa chini pale pale sakafuni. Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza wanafunzi wake, kwamba hiyo hewa ni nyepesi kuliko zote, ukifungua tu kifuniko inaanza kutoroka, na moto ndio unaimaliza kabisa. Yaani tangu siku ya kwanza mume wangu amekunywa maji ya kuchemsha, kama sie wote.

Erasmus aliporudi nikamwambia mbele ya mtoto wake, maana jambo lilikuwa limenishinda, nikamuuliza: Sasa wewe umepona kwa nini? Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akasema: "Goti lilipona kabla ya hiyo chupa. Mazoezi ya hospitali nilikuwa nayafanya bafuni. Nikaendelea kukaa kwa kuwa nilipenda kukaa na wewe. Ulipoanza kuniletea maji ya kunitibu, nikajua umenichoka humu ndani, Mama Rosalia. Nikaona niondoke kabla hujanisema."

Nikamuuliza, na ule mguno je? Akasema mguno ni wa umri, hauhusiani na goti.

Kwa hiyo haidrojeni haina kosa lolote, wala haina sifa yoyote, kwani haijawahi kuingia tumboni mwa mtu wa nyumba hii. Malalamiko yote sita yameanguka, na maombi yangu nayo. Lakini mwandiko ulikuwa umetulia na karatasi ni nzuri, nikaona ni dhambi kuitupa. Erasmus ameshampigia simu Jamali kwamba kesho haendi karakana, na keshokutwa wataona. Ameniuliza nimeandika nini humu, nikamwambia atasoma gazetini kama watu wengine. Naomba unijibu mapema.